Kinyota si pambo: majibu kwa yanayosemwa kuhusu brekipointi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaanza kuitwa harusini na misibani, tunakutana kwa video. Wengine wako Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo. Louisville na Columbus zinaunganishwa na barabara moja, I-71. Buffalo iko mbali zaidi, kando ya Ziwa Erie, na theluji ikiamua huko, kikao kinapungua watu. Wengi wetu tumezaliwa Kivu ya Kusini, Katanga au Kigoma, na vijana kadhaa walifungua macho katika kambi ya Nyarugusu. Tunajifunza lugha ya C kwa Kiswahili. Miezi hii tumejitwisha kazi moja ndogo: kuandika majaribio ya kuona kama dibaga inasimamisha programu mahali pale pale tulipoiambia, tunapoitajia anwani ya fankisheni.

Kazi hiyo imezaa maneno. Mengine nimeambiwa darasani, mengine kwa simu usiku na watu wazima wenye uzoefu wa kuandika programu kuliko wanafunzi wangu. Nayajibu hapa moja moja, kwa sababu kila moja limemfanya kijana fulani aache kuuliza swali ambalo lingemfikisha kwenye mashine yenyewe.

La kwanza ndilo linalosemwa sana: "`break jumla` na `break *jumla` ni kitu kimoja. Hicho kinyota ni pambo."

Si kitu kimoja, na tofauti yake inapimika kwa baiti. Hii ndiyo fankisheni yetu ya darasani:

int jumla(int a, int b)
{
    int c = a + b;
    return c;
}

Ukiikompaili kwa GCC kwenye mashine ya x86-64 bila uboreshaji wowote, agizo la kwanza ni `push %rbp`, baiti 1. La pili ni `mov %rsp,%rbp`, baiti 3. Yanafuata maagizo mawili ya kuhifadhi a na b kwenye staki, baiti 3 kila moja. Zimekwenda baiti 10, na hesabu uliyoiandika wewe bado haijaanza. Hizo baiti 10 ndizo utangulizi wa fankisheni.

Fikiria mgeni anayekuja nyumbani. Anapiga hodi, anakaribishwa, anavua viatu, anakaa, anapewa maji. Ndipo mazungumzo yanaanza. Ukimwambia mtoto "niite mgeni akifika", atakuita lini? Kwenye hodi, au mgeni akishakaa? GDB, dibaga ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986, inafanya yote mawili, ila inakutaka useme. `break jumla` inakuita mgeni akishakaa: inaruka utangulizi na kuweka brekipointi kwenye jumla + 10, mstari wa 3 wa faili. `break *jumla` inakuita kwenye hodi: baiti ya kwanza kabisa, mstari wa 2, penye mabano.

Naelewa kwa nini watu wanaona ni mamoja. Programu ikisimama, GDB inaandika jina la fankisheni na namba ya mstari, na katika hali zote mbili haionyeshi anwani, kwa sababu mahali iliposimama ni mwanzo wa mstari. Jicho linaona "Breakpoint 1, jumla" likaridhika. Namba 2 badala ya 3 mwishoni mwa mstari ni ushahidi, na nani anaiangalia?

Lililofuata lilitoka Columbus, kwa dada mmoja aliyeelewa hilo la kwanza haraka kuliko wote, kisha akavuka mpaka: "Kama kinyota ndicho sahihi zaidi, basi tutumie kinyota siku zote."

Alijijibu mwenyewe dakika kumi baadaye. Aliita jumla(2, 3), akaweka `break *jumla`, akaendesha, na GDB ikamwambia a ni 21845. Alidhani kompyuta yake imeharibika. Nikamwomba aigeuze 21845 iwe heksadesimali. Ikatoka 0x5555. Hicho ni kipande cha juu cha anwani za programu yenyewe, mabaki ya kitu kilichokaa hapo kwenye staki kabla. Dibaga haikudanganya. Maelezo ya kompaila yanasema a inakaa mahali fulani kwenye staki, dibaga ikaenda mahali hapo, ikasoma iliyoyakuta. Maagizo ya kuipeleka a huko yalikuwa bado hayajatendeka. Mgeni hajaingia, wewe umetazama kiti chake na kumwona aliyekaa jana.

Kwenye hodi, a na b zimo mikononi mwa mgeni, yaani kwenye rejista. Aliandika `print $edi`, akapata 2. Kisha `print $esi`, akapata 3. Kwa hiyo kinyota kina mahali pake: unapotaka kuona kile mwitaji alichokileta kabla hakijaguswa, au unaposhuku utangulizi wenyewe. Ukitaka kusoma vigezo kwa majina yao, acha dibaga iruke utangulizi. Na jaribio linalodai a iwe 2 kwenye baiti ya kwanza kabisa linaidai dibaga kitu ambacho hakijaandikwa popote inapoelekezwa kutazama.

Sasa nifike kwenye dai ambalo ningependa kukaa nalo zaidi, maana ndilo lililotufundisha kuliko yote. Kaka mmoja wa Louisville, anayepanga vifurushi zamu ya usiku na kuja darasani bila kulala, alisema: "Brekipointi haibadilishi programu. Nimetazama mwenyewe kumbukumbu kwa amri ya `x`, baiti ni zile zile."

Alitazama kweli, na baiti alizoonyeshwa zilikuwa zile zile kweli. Lakini aliyemwonyesha ni dibaga, na dibaga ina adabu ya kuficha alama zake. Nilimwomba aiachie programu ijitazame yenyewe. Aliongeza mstari mmoja ndani ya main, wa kuchapa baiti ya kwanza ya jumla kama namba ya heksadesimali. Akaendesha bila brekipointi akapata baiti ya kwanza ya agizo la kwanza kama ilivyo kwenye faili. Akaweka `break *jumla`, akaendesha tena. Safari hii ilichapa cc.

Hiyo cc ndiyo brekipointi. Kwenye prosesa za familia ya x86, tangu 8086 ya mwaka 1978, kuna agizo la baiti moja, 0xCC, ambalo kazi yake ni kusimamisha na kupiga kelele. Dibaga inainakili baiti ya asili pembeni, inaandika 0xCC mahali pake, inaiachia programu iende. Na ni baiti moja kwa sababu nzito: agizo fupi kuliko yote kwenye prosesa hizi ni la baiti moja, kama `push %rbp` yetu. Mtego ungekuwa wa baiti mbili, ungemwagikia agizo la pili, na kama kuna mahali programu inarukia hilo la pili moja kwa moja, ingeangukia katikati ya mtego.

Ukitumia `hbreak`, unaweka brekipointi ndani ya prosesa yenyewe, kwenye rejista za DR0 hadi DR3. Baiti haiguswi na programu ikijitazama inaona ya asili. Ila ni nne tu. Ya tano inakosa nafasi.

Basi kaka akakubali kwamba programu inabadilika. Lakini akaja na jingine papo hapo: "Hata hivyo, jinsi dibaga inavyojipanga baada ya kusimama ni siri yake. Jaribio letu lisiulize hayo."

Lisiulize? Hapo ndipo dibaga nyingi changa zinapovunjika miguu. Prosesa ikishatekeleza 0xCC, inakuwa imeipita: rejista ya `rip` inaonyesha baiti inayofuata. Umeweka mtego kwenye jumla, umesimamishwa kwenye jumla + 1. Ni wajibu wa dibaga kupunguza moja, kuirudisha baiti ya asili, kutekeleza agizo hilo moja pekee, kuweka 0xCC tena, ndipo iendelee. Ikisahau kupunguza moja, inaendelea kutoka jumla + 1.

Hatukuishia kusema. Tuliandika dibaga yetu wenyewe, ndogo, kwa kutumia ptrace ya Linux, tukaacha makusudi hatua ya kupunguza moja. Tukaiendesha Columbus na Louisville wakati mmoja, kila mtu akionyesha skrini yake.

Columbus programu ilikufa kwa SIGSEGV. Tukaifuata kwa kidole. `push %rbp` ilirukwa. `pop %rbp` ya mwishoni ilitendeka kama kawaida, lakini kwa kuwa hakuna kilichosukumwa, ilichukua anwani ya kurudia. `ret` ikaja ikachukua kilichofuata kwenye staki, namba isiyo anwani ya chochote, ikarukia huko. Deni la baiti moja mwanzoni, kifo mwishoni.

Louisville ikachapa 5, ikamaliza salama.

Kulikuwa na kimya, kisha kaka akasema, na ningesema hivyo hivyo mimi, kwamba dibaga ni nzima na tatizo ni kompyuta ya dada. Faili la C ni lile lile. Dibaga ni ile ile. Ilituchukua karibu saa nzima kupata jibu, na jibu lilikuwa kwenye baiti nne. Ubuntu ya kaka, kama Ubuntu zote za miaka ya karibuni, ina kompaila inayoweka agizo liitwalo `endbr64` mwanzoni mwa fankisheni, sehemu ya ulinzi wa Intel uitwao CET. Baiti zake ni F3 0F 1E FA. Mfumo wa dada haukuliweka. Sasa iondoe ya kwanza, F3, ambayo ndiyo 0xCC ilikaa juu yake. Zinabaki 0F 1E FA. Prosesa ikianza kusoma kutoka hapo inakuta agizo halali, tena agizo lisilofanya chochote. Inapita, inakutana na `push %rbp`, kila kitu kinaendelea kama vile hakuna kosa.

Kosa lile lile, dibaga ile ile: mashine moja inaua programu, nyingine inalifunika kosa kwa blanketi. Angalia tuliyokuwa karibu kuyafanya. Tungekuwa na mashine ya Louisville peke yake tungeandika kwamba dibaga imefaulu. Tangu siku ile majaribio yetu ya x86-64 yanakompailiwa mara mbili, kwa `-fcf-protection=none` na kwa `-fcf-protection=full`, na hakuna anayeruhusiwa kuleta matokeo ya upande mmoja. Na `endbr64` haikuwatega wanagenzi peke yao: GDB yenyewe, hadi toleo la 10 la mwaka 2020, ilikuwa ikichanganyikiwa nayo kwenye programu zisizo na maelezo ya dibaga, ikishindwa kutambua utangulizi uliojificha nyuma yake na kuweka brekipointi mapema mno.

Suala la kupunguza moja lina upande wa pili, na huo ndio unaonifanya niseme jaribio lazima liulize. Kuna wakati dibaga inapaswa kupunguza moja, na kuna wakati haipaswi kabisa. Chukua fankisheni ambayo kitendo chake cha mwisho ni kuita abort(). Kompaila inajua abort hairudi, kwa hiyo haiandiki chochote baada ya mwito huo. Anwani ya kurudia iliyoachwa kwenye staki inakuwa baiti inayofuata mwito, na baiti hiyo, kwa kuwa hatukuomba uboreshaji, ni mlango wa fankisheni jirani. Tuseme jirani huyo ni jumla. Ukiomba orodha ya miito kwa `bt`, dibaga isiyojali itakwambia abort iliitwa na jumla, mtu ambaye hakuwepo. Dibaga yenye akili inapunguza moja kutoka kwenye anwani ya kurudia kabla ya kuuliza ni ya nyumba ipi, ikajikuta ndani ya mwito wenyewe, nyumba sahihi.

Lakini umeweka `break *jumla` na programu imesimama hapo. Anwani ya kusimama ni baiti ya kwanza ya jumla, kweli kabisa. Dibaga ikipunguza moja hapa kwa mazoea, inaangukia nyumba iliyotangulia na kumtaja jirani tena. Vivyo hivyo ishara ya mfumo ikiikatiza programu ikiwa kwenye agizo la kwanza la fankisheni: fankisheni iliyokatizwa haikuita mtu, imeshikwa njiani, na anwani yake isomwe ilivyo. Anwani ni ile ile moja, jumla, na majibu ni mawili kulingana na jinsi ilivyofikiwa. Mtu akiniambia kwamba kujaribu brekipointi kwenye anwani ya fankisheni ni kazi ya dakika tano, huwa namwuliza kama amejaribu na hili.

Mengine naweza kuyapita haraka kidogo.

"Anwani ya fankisheni ni namba, isome kwa objdump, iandike kwenye jaribio, imekwisha." Namba hiyo ni ya ndani ya faili. Siku hizi kompaila nyingi hutengeneza programu zinazoweza kupakiwa popote, na objdump itakuonyesha, tuseme, 0x1139. Programu ikiendeshwa ndani ya GDB kwenye Linux ya x86-64, kawaida jumla itakuwa 0x555555555139, kwa sababu GDB inazima uchanganyaji wa anwani unaofanywa na Linux, na programu inapakiwa kuanzia 0x555555554000. Ukiandika `break *0x1139` kabla ya kuendesha, GDB itakataa kuendelea ikisema haiwezi kufika kwenye anwani hiyo. Ukijishika na programu iliyokwisha kuanza nje ya dibaga, hata ile namba ndefu haitakufaa, imebadilika. Andika `break *jumla`, jina, na GDB itaihesabu upya programu ikishapakiwa. Kama unataka namba kwa lazima, anza kwa `starti`, inayosimama kwenye agizo la kwanza kabisa, kisha uliza anwani wakati huo. Nyumba iliyohamishwa haitafutwi kwa namba ya mtaa wa zamani.

"Ikifaulu kwenye laptopu yangu, imefaulu." Hili lilijibiwa na Buffalo. Kijana wa huko hana laptopu ya maana, ana Raspberry Pi aliyoifunga nyuma ya televisheni, na hiyo Raspberry Pi imetufaa kuliko kompyuta zetu zote za bei. Prosesa yake ni ya ARM. Katika hali ya biti 64, maagizo yote ni ya baiti 4, mtego ni agizo la BRK, na ikisimama, anwani inabaki pale pale penye mtego. Hakuna cha kupunguza. Dibaga iliyozoea x86 ikipunguza moja huku inatua katikati ya agizo, mahali ambapo hakuna agizo lolote linaloweza kuanzia.

Kisha akachukua kadi nyingine yenye mfumo wa biti 32, akakompaili kwa `-mthumb`, akasoma anwani ya jumla kwa `readelf -s`, akatuonyesha namba witiri. Tuliitazama sana. Maagizo ya Thumb yanaanzia kwenye anwani shufwa siku zote. Ile biti ya mwisho iliyowashwa si sehemu ya anwani, ni alama ya kumwambia mwitaji: ukija hapa, badilisha hali uwe Thumb. Dibaga inapaswa kuivua alama hiyo kabla ya kuweka mtego, la sivyo mtego unakaa nusu juu ya agizo hili na nusu juu ya lile.

Na mashine za POWER za IBM, katika mpangilio uitwao ELFv2, zinakwenda mbali zaidi: fankisheni inaweza kuwa na milango miwili. Mmoja ni wa wanaotoka nje ya faili la programu. Mwingine, kwa kawaida baiti 8 mbele, ni wa watu wa ndani, ambao hawana haja ya maagizo mawili ya mwanzo. Ukiweka `break *f` kwenye mlango wa nje, na anayeita ni wa ndani, brekipointi yako haitaguswa maisha. Dibaga haina kosa, umekaa mlango wa mbele wakati watu wa nyumbani wanaingia kwa uani. `break f` bila kinyota inalijua hilo na inakaa mbele ya milango yote miwili. Hakuna hata mmoja wetu mwenye mashine ya POWER, na jaribio letu limeandikwa hivyo waziwazi: UNTESTED.

Nilikuwa nimekusudia kuliruka dai moja, lakini limerudiwa kwangu na mzee ninayemheshimu, kwa hiyo nitalijibu kwa heshima yake. Alisema: "Mwalimu, haya ni ya Wazungu na ya chuo kikuu. Vijana wetu wafundishe kutengeneza tovuti wapate kazi. Tena hayasemeki kwa Kiswahili." Shikamoo mzee. Kaskazini-mashariki mwa Columbus, katika Licking County, Intel inajenga viwanda vya chipu, ilivyovitangaza Januari 2022. Kijana aliyekulia Nyarugusu anaishi leo jirani na mahali ambapo prosesa zinatarajiwa kutengenezwa. Sioni kwa nini agizo la 0xCC liwe lake kidogo kuliko la mwingine. Na kuhusu Kiswahili, saa ile tuliyoitumia kutafuta siri ya `endbr64` ilikwenda kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, cha Uvira, cha Lubumbashi na cha Kigoma, tukikatizana, na tulifika.

La mwisho ni hili, na nalisikia kwa watu wanaolipwa kwa kazi hii: "Jaribio limesema PASS. Unataka nini tena?"

Majaribio ya GDB yanaendeshwa na DejaGnu, iliyojengwa juu ya Expect, chombo ambacho Don Libes alikitoa mwaka 1990 kwa ajili ya kuzungumza na programu nyingine kama mtu aliyekaa kwenye kibodi. Jaribio linatuma amri, linangoja jibu, linalilinganisha na ruwaza. Likifanana ni PASS, lisipofanana ni FAIL. Kuna na majibu mengine, na ni ya kweli zaidi kuliko watu wanavyoyapa heshima: XFAIL kwa kushindwa kunakotarajiwa, UNSUPPORTED pale mashine isipoweza, UNTESTED pale ambapo hakuna aliyejaribu. Sisi tuliiga mtindo huo.

Jaribio letu la kwanza lilituma `break *jumla`, likaendesha, likatarajia ruwaza yenye neno Breakpoint na neno jumla. PASS Louisville. PASS Columbus. PASS Buffalo. Watu walipiga makofi.

Nikawaomba wafungue faili la jaribio, wafute kinyota, wasiguse kingine chochote, waendeshe tena.

PASS. PASS. PASS.

Dada wa Columbus ndiye aliyelisema, polepole: kumbe jaribio letu lilikuwa halijawahi kuuliza swali. Liliuliza kama mgeni amefika nyumbani. Halikuuliza kama yuko mlangoni au kitini. Dibaga ingeweza kukipuuza kinyota kabisa, miaka yote, na sisi tungeendelea kupiga makofi.

Tuliliandika upya siku hiyo hiyo. Programu ikisimama, jaribio sasa linatuma `info symbol $pc`, ambayo inajibu ni fankisheni gani na ni baiti ngapi ndani yake. Ruwaza inakubali jumla isiyofuatwa na alama ya kujumlisha, na inakataa nyingine zote. Linatuma `bt` na kudai mwitaji awe main, si jirani. Linatuma `continue` na kudai programu imalize ikiwa imechapa 5, maana hapo ndipo yule aliyesahau kupunguza moja anapokamatwa kwenye mashine ya Columbus. Kwenye ya Louisville anakamatwa na ile `info symbol` peke yake, inayomtaja kuwa yuko jumla + 1.

Tukafuta kinyota tena kwa makusudi, tukaendesha kila mashine kwa mpangilio wake wa kawaida. Louisville ilisema FAIL, jumla + 14, maana ina baiti nne za `endbr64` juu ya zile kumi. Columbus ikasema FAIL, jumla + 10. Buffalo ikasema FAIL. Sijawahi kuona watu wakishangilia neno hilo namna ile. Kaka wa Louisville, ambaye hakuwa amelala tangu jana yake, alisimama kwenye kiti.

Kisha tukarudisha kinyota, tukaendesha tena.